Ombi la Kuhesabiwa Pamoja na Ng'ombe

Umoja wa Wakristo Wapenda Maendeleo,
Dutwa,
Bariadi.

Kwa Mwenyekiti wa Baraza la Wazee wa Usharika,
Kwa Mwenyekiti wa Kitongoji,
Kwa Baba Mkubwa wa Nyamizi.

Shemeji Mayige, nakusalimu kwa Kisukuma chetu: mwadila.

Barua hii ilipaswa kwenda kwa watu watatu, lakini nimeandika nakala moja tu kwa sababu wote watatu ni wewe. Naomba uisome kwanza ukiwa mzee wa kanisa, halafu ukiwa kiongozi wa kitongoji, halafu uvue kofia hizo mbili uisome ukiwa kaka wa marehemu mume wangu Zengo. Ukikasirika ukiwa mzee wa kanisa, tafadhali hasira hiyo usije nayo nyumbani.

YAH: OMBI LA WANAUMOJA KUANDIKISHWA KAMA NG'OMBE

Mimi ni Kornelia, katibu wa Umoja wa Wakristo Wapenda Maendeleo. Unatufahamu. Ni sisi tuliosimama kwenye mkutano wa usharika mwaka jana tukaomba wanawake na vijana wapewe viti kwenye Baraza la Wazee, tukapongezwa kwa maneno mazuri sana, kisha tukakabidhiwa masufuria ya sikukuu ya mavuno. Tuliporudi mara ya pili kuomba nafasi ya kusema, tuliongezewa Jumapili moja ya kuimba. Hatukununa. Tulipika na tukaimba, na pilau lile wewe mwenyewe uliongeza sahani ya pili.

Lakini shemeji, tumechoka kuomba kuwa watu. Tumekaa kikao, tumesali, tumetafakari, na tumeona kwamba muda wote tulikuwa tunabisha hodi kwenye mlango usio wetu. Katika familia, kanisani na kijijini, wapo viumbe ambao tayari wanasikilizwa, wanaheshimiwa, na hawajawahi kuandika barua hata moja. Kwa hiyo tunaomba kwa unyenyekevu tuandikishwe miongoni mwao. Sababu zetu ni hizi.

1. Ng'ombe huulizwa habari zake. Wiki iliyopita wewe na wanaume wenzako mlikwenda Ngulyati, nyumbani kwa Mzee Maganga, kukagua ng'ombe wa mahari ya binti yangu Nyamizi, anayeposwa na Thomasi, mtoto wa Maganga. Mlitoka asubuhi mkarudi jua limezama. Masele, ambaye ni mwanaumoja mwenzetu na alikuwa kwenye msafara wenu, ametueleza yote. Mliuliza umri wa kila ng'ombe. Mliuliza mama yake alikuwa akitoa maziwa kiasi gani. Mtamba mmoja alikohoa, mkasimamisha shughuli nzima mpaka ilipojulikana kuwa ni vumbi. Mliangalia kwato, mkaangalia chuchu, mkauliza kama huwa anatulia mvua ikinyesha. Nyamizi, shemeji, ana barua ya kujiunga na chuo cha uuguzi, masomo yanaanza mwezi ujao, na hakuna aliyemwuliza hata kama amekula. Siku washenga walipokuja nyumbani alipita mbele yenu na beseni la maji, mkanawa, mkamrudishia taulo.

2. Ng'ombe akikataa, anaeleweka. Hapa ndipo ombi letu lilipozaliwa. Masele anasema alikuwepo ng'ombe mmoja wa kahawia, mnene, mliyempenda wote, ambaye alipofika kwenye lango la zizi alilala chini. Alisukumwa, hakuinuka. Alisokotwa mkia, hakuinuka. Kijana mmoja akainua fimbo, ndipo wewe shemeji ukamzuia kwa maneno ambayo Umoja umeyaingiza kwenye kumbukumbu zake za kikao: usimlazimishe, ng'ombe ana sababu zake. Akaachwa palepale, akachaguliwa mwingine, wala hakuna aliyesema kwamba ana kiburi au kwamba ameharibiwa na semina. Nililia niliposikia. Sikujua kama una huruma ya namna hiyo, na nikaona vibaya kwamba tumeishi boma moja miaka yote hii bila mimi kuifaidi.

Nyamizi hataki ndoa hii. Mimi ni mama yake, najua. Najua kwa jinsi anavyosonga ugali siku hizi, kimya, ameinamia sufuria utadhani ametumbukiza kitu ndani yake. Lakini yeye ana miguu miwili, na akilala chini langoni ataambiwa ana pepo, na kikundi cha maombi kitaitwa kabla hajajifuta vumbi.

3. Kanisani ng'ombe wana nafasi kwenye matangazo. Maksai wa mzee mmoja wa baraza lako alipopotea, alitangazwa Jumapili tatu mfululizo: rangi yake, pembe zake, na mara ya mwisho alionekana akielekea wapi. Kwaya iliombwa imkumbuke katika maombi, na sisi soprano tulimkumbuka kwa moyo wote. Tulipoomba dakika mbili tu kutangaza kwamba Umoja utakutana kuzungumzia mabinti wanaoachishwa shule, tuliambiwa matangazo yamejaa. Ni kweli yalikuwa yamejaa. Maksai alikuwa amepatikana na familia ilikuwa inatoa shukrani.

4. Kijijini hali ni ileile, na hapa nakuandikia ukiwa kiongozi wa kitongoji. Mkutano wetu uliopita ulijadili josho tangu watu walipokaa mpaka vivuli vikahama. Ikakubaliwa kwamba ng'ombe wenye mimba wawe na siku yao ya kuogeshwa, wasibanwe kwenye foleni na madume. Wote tulipiga makofi, mimi nikiwemo, maana ng'ombe mwenye mimba anatia huruma. Ndipo Milembe, ambaye alijifungulia njiani akipelekwa zahanati kwa baiskeli ya mumewe, akanyoosha mkono, akaomba tujadili namna ya kuwafikisha wajawazito. Uliiandika hoja yake vizuri kabisa chini ya Mengineyo. Tulipofika kwenye Mengineyo ulitualika tusimame kwa sala ya kufunga mkutano. Milembe alisema amina pamoja na wengine.

5. Hereni. Ng'ombe siku hizi wanavalishwa hereni zenye namba, ili ijulikane ni nani na ni wa wapi, na asihamishwe bila kibali. Sisi tunavaa hereni tulizojinunulia wenyewe mnadani, hazina namba, na tunahamishwa siku yoyote.

6. Najua utauliza kuhusu wanaume. Umoja wetu unao wanaume wachache wapenda maendeleo, akiwemo Masele, na hatutaki kuwabagua. Tuliwaeleza kwamba, kwa kuwa nafasi za madume zimeshashikwa na viongozi, wao wataandikishwa kama maksai. Wameomba muda wa kutafakari. Masele hajaonekana kikaoni tangu siku hiyo, ingawa alituma salamu na kilo ya sukari.

7. Wapo watakaosema kwamba ng'ombe hasemi, kwa hiyo anayetafuta sauti hawezi kuipata kwa kujiita ng'ombe. Hoja hii tumeipima bila upendeleo. Jibu letu ni kwamba ng'ombe akilia usiku mmoja tu, wanaume wa kitongoji kizima hutoka na tochi na marungu kuuliza kuna nini. Mimi nililia mwaka mzima baada ya Zengo kufariki, nyumba ya pili kutoka kwako. Sikulaumu, shemeji. Nadhani ulidhani ni mtu.

8. Utekelezaji. Jumamosi, ng'ombe wa Maganga watakapoletwa, mimi na Nyamizi tutakuwa kwenye msafara wao, nyuma ya mtamba wa mwisho na mbele ya ndama. Hatutasumbua. Tutatembea kwa utulivu mpaka langoni, kisha tutalala chini. Utatukagua meno, mimi yamepungua mawili upande wa kushoto na wala sifichi. Kisha wewe, mbele ya wageni wote, utasema yale maneno yako ya Ngulyati. Baada ya hapo Nyamizi atajifuta vumbi aende chuoni, na ng'ombe wa Maganga watarudi kwao wakiwa na afya njema.

Utaratibu huu ukifaulu nyumbani, tunaomba uupeleke kwenye Baraza la Wazee. Hatutaki viti tena, maana tumeelezwa mara nyingi kwamba viti havitoshi. Tunaomba zizi dogo tu ndani ya ofisi ya usharika, upande wa dirishani. Na uchaguzi wa kitongoji ukifika, ng'ombe waruhusiwe kugombea. Ni wengi kuliko sisi, hawana deni na mtu yeyote, na hapa kwetu hakuna mwanasiasa anayependwa kama wao. Nakuomba usilichukulie hili kama tishio kwa nafasi yako. Bila shaka nao watakuachia uendelee kufunga mikutano kwa sala.

Usije ukadhani tumepotoka, shemeji. Sisi ni Wakristo walewale mliotubatiza na kutupa kipaimara. Hatupingi mahari, hatupingi wazee, hatutaki kuhama kanisa. Tunaamini kwamba Mungu anamsikia kila amwitaye, na ndiyo maana tunashangaa: maneno yetu yanafika mbinguni vizuri tu, lakini kutoka benchi la nyuma mpaka meza ya baraza yanashindwa kufika. Nasema ukweli wangu kwamba jambo hili linanikera na linanihuzunisha, na siku nyingine linaninyima usingizi. Nimekuwa mtu mzima sasa. Ningependa kabla sijafa kuona mwanamke mmoja wa boma hili akiulizwa jambo, kisha watu wakasubiri ajibu.

Naliweka ombi hili mikononi mwako nikiwa na matumaini kwamba utalipokea kwa upole ule unaowaonyesha mifugo. Nisalimie wote hapo kwako, watoto, wajukuu, na wageni kama wapo. Msalimie Mchungaji mkionana. Msalimie Mzee Maganga na nyumba yake yote, na umwambie hatuna ugomvi naye, ng'ombe wake tumesikia ni wazuri. Msalimie sana dada Anyesi, mkeo, ambaye ndiye mwenyekiti wa Umoja wetu tangu tulipouanzisha. Barua hii ameipitisha yeye. Sina hakika kama umewahi kumwuliza kila Jumatano jioni huwa anakwenda wapi.

Ni mimi shemeji yako, kwa heshima zote tatu unazostahili,

Kornelia, mjane wa Zengo
Katibu

Nyongeza. Shemeji, kabla sijafunga bahasha nilimpa Nyamizi barua hii anisahihishie, maana yeye ndiye aliyesoma kunizidi. Ameisoma yote akiwa amesimama. Amecheka kwenye hereni, amefuta machozi kwenye namba saba, na alipofika pale nilipoandika kwamba hataki ndoa hii, akaniuliza nimejuaje. Nikamweleza habari ya ugali. Akaniambia, taratibu na kwa Kisukuma, kwamba mtu anaweza kunyamaza kwa sababu ana mambo ya kufikiria, na akataka kujua ni lini mimi mayu wake, mama yake mzazi, nilimwuliza. Nilitafuta siku hiyo kichwani sikuipata.

Basi nimemwuliza. Anamtaka Thomasi. Walijuana kwenye kongamano la vijana kule Ngulyati, na ni Nyamizi aliyemwambia Thomasi atume washenga. Chuo nacho anakitaka, na wao wawili wameshakubaliana kwamba atasoma kwanza, harusi ifuate, na ng'ombe wabaki kwa Maganga mpaka amalize. Hayo yote yamepangwa zamani. Wewe na baraza lako, mimi na Umoja wangu, tumekuwa tukimgombania mtu aliyekwisha kuamua.

Kwa hiyo ombi la Jumamosi nimeliondoa. Nilitaka kuichana barua nzima, Nyamizi akanikataza. Anasema hoja ya Milembe bado haijajibiwa na huo ndio uhai wa watu, kwa hiyo niitume hivyohivyo. Pia amesema kwamba Jumamosi ataingia mwenyewe kwenye kikao cha mahari na kusema mwenyewe, na hataki nimsemee, hata kama mimi ni katibu. Imeniuma, sikufichi. Hotuba nilikuwa nimeshaiandaa. Lakini tangu baba yake afariki sijamsikia mtoto huyu akiongea kwa muda mrefu namna ile, na kumbe ana sauti nzito ya Zengo mtupu. Njoo mapema, shemeji, nitakushikia nafasi kwenye benchi la nyuma, pembeni yangu. Tukae kimya sote wawili tumsikilize.