Mfilisi Awahutubia Wadai wa Kiwanda cha Matangi

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Ufilisi, ambaye ni mimi, Katibu wa Kamati, ambaye kwa kukaimu pia ni mimi, mwakilishi wa benki uliyewahi kiti cha penye feni, muuza vyuma, dereva wa lori, mama mshonaji na risiti yako mkononi, wadai wenye dhamana, wadai wasio na dhamana, na ninyi mliokuwa mnapita njia mkaona viti: itifaki imezingatiwa. (Makofi machache.)

Ndugu wadai, miezi kumi na minne iliyopita, kiwanda hiki cha matangi ya maji kiliposhindwa kulipa madeni, nilikabidhiwa jukumu zito la kukusanya mali zake, kuziuza na kumpa kila mtu chake, na leo nasimama kifua mbele kuwataarifu kwamba mchakato umefikia asilimia tisini na sita, na hiyo nne iliyobaki ni kulipa tu. (Kicheko.) Cheka, ndugu yangu wa lori, ila semina elekezi tumefanya tisa, ripoti za awali kumi na moja, na makabrasha nimeyabeba mwenyewe mpaka mgongo ukagoma.

Sasa mtarajie nini? Foleni. Anatangulia mfilisi na gharama zake, anafuata benki, halafu mishahara ya wafanyakazi, halafu kodi, ndipo mnaingia ninyi mliotoa bidhaa kwa kuaminiana, mgawane kitakachobaki, kama kitabaki. Msinikodolee macho, foleni sikuipanga mimi. Nimejikuta tu niko mbele. (Miguno.)

Mama mshonaji, nakuona umesimama tena.

(Mama: "Mheshimiwa, mimi hela sidai. Nataka cherehani yangu. Mwaka mzima sijashona hata kifungo, watoto wanakula kwa dada yangu.")

Ahsante kwa swali zuri. Kwa wasiojua, mama yetu aliombwa na mkurugenzi ashone vizibao themanini vya wafanyakazi, akahamishia cherehani yake ghalani ili kazi isichelewe, nasi tulipokuja kupiga kufuli hatukuuliza kitu cha nani. Haki yake haina ubishi: mali ya mtu mwingine haiingii kwenye ufilisi, inarudishwa kwa mwenyewe akithibitisha, naye ameleta risiti, fomu tatu, na hata fundi aliyewahi kuibadilishia mkanda. Suala lake limeshughulikiwa kikamilifu, na nitalifikia kwenye shukrani. (Mama anabaki amesimama.)

Ndugu wadai, wiki iliyopita, baada ya kamati kujiridhisha kwamba funguo ni funguo, nililifungua ghala kwa mara ya kwanza. Naomba utulivu. Matangi, sifuri. Mitambo, sifuri. Wafanyakazi wa kuvaa vile vizibao, bado tunawatafuta. Msajili wa makampuni naye kanijibu kwa barua kwamba kiwanda hiki hajawahi kukisikia, na lile bango la getini, kumbe lilikuwa la kukodi.

Nikisema ufilisi, semeni uwazi! Ufilisi! (Kimya.) Mdai! (Mtu mmoja anakohoa.)

Nihitimishe kwa shukrani. Kwa kuwa kiwanda hakikuwahi kuwepo, basi hakuna aliyekopa, kwa hiyo natangaza kwa furaha kubwa kwamba hakuna hata mmoja wenu anayedai chochote, na hayo ndiyo mafanikio ambayo hakuna mfilisi mwingine aliyeyafikia. Nawashukuru kwa subira. Shukrani za pekee zimwendee mama mshonaji, maana kitu pekee tulichokikuta ghalani ni cherehani yake, tuliyoiuza juzi kwa bei nzuri sana, na ndiyo imelipia viti mlivyokalia, feni hiyo, na spika hii mnayonisikilizia. Mama, usiondoke kabla ya kusaini mahudhurio, kwa sababu bila sahihi yako...

(Mama anachomoa waya, anajitwisha spika, anatoka. Wadai wananyanyuka, kila mmoja na kiti chake. Mheshimiwa anaendelea kuhutubia.)