Mguu wa Mzee Aminieli

Jumatatu, 22 Desemba

Nimefuzu masaji! Nimejifunza kwa simu, nikamfanyia mazoezi ng'ombe wetu. Alifumba macho na kucheua kwa raha. Mama anasema maziwa hayajaongezeka. Nani alisema yataongezeka?

Mzee Aminieli, baba yake Elisifa, amerudi Mwika jana kwa basi kutoka Dar, mguu mmoja umevimba. Bahati iliyoje! Elisifa ameapa haolewi na mtu asiyekubaliwa na baba yake, na wanaosubiri kukubaliwa ni wawili: mimi, na Eliufoo, yule muongoza watalii mlimani mwenye koti jekundu. Nikimponya mzee, harusi ni yangu.

Jumanne, 23 Desemba

Nimekwenda na mafuta ya parachichi. Nikaamkia shikamoo. Eliufoo alishafika! Kaukodolea macho mguu: umevimba, mwekundu, wa moto. Akasema mguu mmoja ukivimba hivyo baada ya safari ndefu usikandwe kabisa, huenda damu imeganda ndani, na bonge likisukumwa linaweza kwenda mapafuni. Mzee apelekwe hospitali leo leo. Eti alifundishwa kwenye huduma ya kwanza.

Wivu mtupu! Nikaeleza kwamba masaji hulegeza misuli na kuchangamsha damu. Mzee akatukatiza wote. Hospitali ni baada ya Krismasi, hawezi kuiacha mbege yake, pombe ya ndizi, ikiwa inachachuka.

Jumatano, 24 Desemba

Eliufoo kashuka sokoni Kiboriloni kununua mchele. Nafasi ndiyo hii! Nikapiga magoti, nikapaka mafuta. Nilipogusa tu, mzee akapiga ukelele na kunirushia teke kwa ule mguu mzima. Nikaangukia pipa la mbege. Mbege yote ya Krismasi! Kuku wamelewa.

Mama Elisifa akasema mguu unaouma hivyo kwa kuguswa tu haungoji sikukuu. Akaita gari.

Ijumaa, 26 Desemba

Ni bonge la damu kweli. Daktari aliuliza kama kuna mtu aliukanda. Elisifa akanitazama. Nikasema nilipaka tu. Daktari akasema ningeukanda sawasawa, pengine leo tungekuwa tunachimba kaburi kihambani, kwenye migomba ya ukoo.

Nilitoka nje nikalia. Nampenda yule mzee, pamoja na teke lake. Daktari akanifuata kunielekeza: mwenye homa usimkande, wala mfupa uliovunjika, wala kidonda, wala uvimbe usioujua. Niliitikia kwa kichwa kila kimoja.

Eliufoo akaninunulia chai. Namchukia zaidi.

Jumapili, 28 Desemba

Mzee yuko nyumbani na vidonge vyake. Nimempelekea jani la isale. Kwetu hapa, uliyemkosea akiletewa isale hawezi kukataa kusamehe. Hata Eliufoo na koti lake hana la kufanya hapo!

Mzee alilipokea kanuna. Akasema amesamehe habari ya mguu, ya mbege bado anaifikiria. Kuhusu binti, tuongee Pasaka. Elisifa alicheka kidogo. Niliona!

Nikiaga, shangazi yake Elisifa, Theodora, akalalamika kwamba mgongo unamuuma na mwili unachemka. Hiyo si homa, ni misuli imekaza. Kesho asubuhi nakwenda kumkanda.

Nimekata majani mengine ya isale, fungu zima. Nimeyaweka kwenye ndoo ya maji yasinyauke.