Pumzi Rasmi ya Kanyosha

Kwa furaha isiyo na kifani, Idara Kuu ya Pumzi na Utulivu wa Raia iliutangazia umma, katika mwaka mmoja wa vita, kwamba chanzo cha hofu mjini Bujumbura kilikuwa kimegunduliwa. Si risasi. Ni watu kupumua vibaya.

Mimi nilikuwa Naibu Mkurugenzi, upande wa kutoa pumzi. Upande wa kuvuta ulikuwa haujapata mtu mwenye sifa.

Mkurugenzi wetu, Bwana Hyacinthe, alisoma Urusi. Alirudi na diploma, koti la manyoya na girya: tufe zito la chuma lenye mpini juu, mfano wa birika lililonyimwa mdomo. Alilinyanyua kila asubuhi barazani kwake Kiriri, mtaa wa wakubwa, akilitazama ziwa, na hakuwahi kuogopa kitu. Kitaalamu, ushahidi huo ulitosha.

Ndipo watu wa Kanyosha, mtaa wa pembezoni mwa mji, walipokuja ofisini. Kila jioni risasi zilikuwa zikiwashukia kutoka milimani, nao waliomba ruhusa ya kulala katika shule moja mjini. Msemaji wao alikuwa Mwantum, muuza ndagala, dagaa wa ziwani.

"Shefu, tunaomba tu pa kulaza batoto. Masasi inaingia mpaka mu nyumba."

"Mama, unapumua vizuri?"

"Mi ninapumua, Shefu. Bwana yangu ndiye hapumui tena."

Mkurugenzi alitikisa kichwa kwa huruma. "Unaona madhara yake?"

Siku hiyohiyo aliwatumia askari wa kizuizi cha barabarani agizo: Kanyosha imetulia, kwa hiyo mtu yeyote asitoke huko kwa miguu kwenda mjini, maana hana sababu. Kisha akaandaa maonyesho ya girya kwenye uwanja wa mpira wa hukohuko Kanyosha. Waheshimiwa kutoka Kigobe, kwenye Bunge, walikuja na miavuli.

"Miguu iachane," alifundisha Mkurugenzi. "Makalio yarudi nyuma, mgongo unyooke. Girya likishuka kati ya mapaja, vuta pumzi puani. Nyonga zikisukuma mbele, toa pumzi kwa mkupuo: tss! Mikono haivuti. Mikono ni kamba tu."

"Tss!" uliitikia umati. Mbuzi wakakimbia.

"Dada, tumekuwa pneu za gari zenye pancha," Twalibu fundi magari alimnong'oneza Mwantum. Nilimsikia, nikamsamehe kiutawala.

Mkurugenzi alishika girya, akalibembeza mara kadhaa kwa ustadi mkubwa. Halafu risasi ikalia mlimani, karibu sana. Wakazi walilala chini, kama ilivyo desturi ya pale. Mkurugenzi alibana pumzi, akasahau nyonga, akakivuta chuma chote kwa mgongo. Kitu kikalia kah! Akabaki amepinda kama mtu anayetafuta faranga kwenye majani.

Nilitafuta gari. Dereva alikuwa amekwisha kuondoka nalo, pamoja na waheshimiwa na miavuli yao.

Twalibu aling'oa mlango wa gereji yake. Yeye na wenzake wakamlaza Mkurugenzi juu yake, wakambeba hadi kizuizini. Jua lilikuwa linazama.

"Kanyosha iko calme, imetulia," alisema askari. "Hakuna kupita. Ni agizo."

"Agizo nililiandika mimi!" alifoka Mkurugenzi.

"Basi unalijua vizuri, Shefu. Rudi."

Tulilala chini ya meza nyumbani kwa Mwantum, katikati ya watoto wake. Risasi zilipita juu ya paa usiku kucha. Sitasema kwamba Mkurugenzi alilia. Nitasema alitoa pumzi kwa sauti.

Kulipokucha aliniamuru niandike ruhusa: maofisa wa Idara walioko Kanyosha kikazi wapite mara moja kwenda mjini. Alitia sahihi akiwa kifudifudi juu ya mlango. Wabebaji wakaketi chini.

"Nyanyueni!" aliamuru.

"Apana," alisema Mwantum, mtoto mgongoni. "Andika bote. Na shule uitaje."

"Mama, hilo linahitaji kamati!"

Risasi ikalia tena. Kamati ikakaa palepale juu ya mlango, ikajadili, ikakubaliana, yote kabla mlio haujaisha.

"Wote!" alipiga kelele Mkurugenzi. "Shule! Usiku wote, mpaka vita viishe! Andika, mjinga wewe!"

Niliandika. Alitia sahihi, na mlango ukanyanyuka.

Nyuma yetu Kanyosha ilitoka na magodoro, masufuria na vikongwe. Kizuizini askari aliisoma karatasi polepole, akasimama wima, akauliza nani kiongozi wa msafara.

Mkurugenzi aliinua mkono kutoka kwenye mlango.

"Mgonjwa atulie," alisema askari. Akampigia Mwantum saluti. "Mama, pita na batu bako."