Goti Langu na Chupa ya Mvua

Jumatatu, 18 Novemba
Joto. Upepo umebeba kanga yangu mpaka uani kwa jirani. Mjukuu wangu Marietha, kidato cha tatu, karudi kutoka shuleni na mapya: wanafundishwa mabadiliko ya tabianchi. Mwalimu Editha kawatengenezea kipimo cha mvua. Kipimo! Chupa ya maji iliyokatwa shingo, ikabandikwa rula, ikafungwa kwenye nguzo nyuma ya darasa.

Nikamwambia mvua ni Jumatano, goti la kushoto limeshasema. Akanijibu kwa adabu zote kwamba Bibi, siku hizi mvua haisikii magoti, tusubiri chupa ifike milimita ishirini ndipo tupande. Tusubiri chupa! Goti hili limelisha nyumba hii tangu mama yake hajaota meno. Zamani alikuwa ananiuliza mimi. Sasa anauliza taka.

Baya zaidi: Ijumaa darasa litaalika mzee aeleze dalili za mvua. Wamemwalika Leonidas, jirani yangu! Leonidas, ambaye sisimizi anaowasomea mvua walimdanganya mwaka jana uwele ukamkaukia wote. Haiwezekani. Nitasimama mimi pale mbele, na Marietha aone.

Jumanne, 19 Novemba
Nimekwenda. Shule sikuwahi kuingia. Herufi nilizipata ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima. Nimesimama mlangoni nikatangaza: kesho mvua! Wanafunzi wakaniamkia shikamoo kwa sauti moja, wakacheka pia kwa sauti moja. Mwalimu Editha akasema asante bibi, tutaona chupa itasemaje. Nikamwachia mayai. Si hongo. Mwalimu mwenyewe bado mtoto, kakonda kama ufito.

Jumatano, 20 Novemba
Jua. Jua! Hata wingu la kusingizia hakuna. Leonidas kapita njiani, kauliza shemeji, goti limeamkaje? Nikamjibu limeamka salama, linatamani kupiga teke.

Sikutulia. Nikakaa, nikasimama. Nikafagia palipofagiwa. Mwishowe nikachukua kibuyu cha maji, nikaenda shuleni wakati wote wamejazana kwenye makande. Nikamimina kidogo kwenye chupa. Kidogo kikaonekana uchoyo. Nikaongeza. Hapa Issuna mvua hunyesha upande huu wa njia ikauruka ule. Nani atabisha?

Alhamisi, 21 Novemba
Amebisha Mwalimu Editha. Milimita tisini ndani ya chupa, na chini ya nguzo vumbi! Tena maji yananuka uchachu na yanaelea makapi ya mtama. Kibuyu kile ndicho ninachochachulia togwa. Mimi mpumbavu.

Lakini kabla mwalimu hajafika nguzoni, wanafunzi walishapiga kelele mpaka barabarani: tisini, tisini! Leonidas akasikia. Mzee mzima, kaacha sisimizi wake kaamini chupa! Kamwaga mbegu yake yote ya uwele kwenye shamba kavu. Watu walipomuuliza unyevu uko wapi, akasema mvua imeshafika shuleni, kwake iko njiani. Kilichofika ni kuku. Wangu. Wamerudi jioni hawawezi kutembea kwa shibe.

Marietha alinusa kibuyu, akakirudisha kwenye msumari. Hakuniuliza kitu. Afadhali angenipigia kelele.

Ijumaa, 22 Novemba
Alfajiri nimembebea Leonidas mbegu yangu, ile niliyoificha darini hata wanangu hawaijui. Nikamwambia kuku ni wangu na mvua pia ilikuwa yangu. Akaniita mchawi. Akafikiri kidogo, akaniita fundi bomba. Akacheka mpaka akakohoa, ikabidi nimpige mgongoni. Nilipiga kwa nguvu kidogo. Akasema darasani haendi, niende mwenyewe nikajibu kesi.

Nimesimama mbele! Nikakiri yangu, na somo la leo likawa mimi. Mwalimu akawaeleza kwamba namba moja ya uongo huharibu kazi ya mwaka mzima, na mtu anaweza kupoteza mbegu yake. Wote wakaandika. Wananiandika mimi! Nikamwamuru mmoja aliyejikunja nyuma akae vizuri, mgongo si upinde. Kisha wakauliza zamani ilikuwaje. Nikawaambia zamani mvua ilikuja kama mgeni mwenye adabu, inabisha hodi, inakaa. Sasa inakuja kama mdai, inavunja mlango, inaondoka. Hata wa nyuma alinyooka.

Marietha akanyoosha mkono. Akauliza: Bibi, basi tupande lini?

Kaniuliza! Mbele ya watu! Neno 'sijui' lilishafika mdomoni, naapa. Goti likawahi. Nikasema: Jumatatu.

Jumapili, 24 Novemba
Kesho ndiyo Jumatatu. Mbingu nyeupe kama sahani iliyolambwa. Goti linashikilia msimamo wake. Mwalimu Editha kazungushia nguzo miiba, lakini upande wa choo kaacha nafasi ya mtu mwembamba, na mimi nikivua kanga ya juu ni mwembamba.

Nimekosea wapi? Nimelala nikiwaza, nimeamka najua. Kwanza, tisini ilikuwa tamaa. Ishirini na moja yatosha. Pili, na ardhi pia inyweshwe. Tatu, kibuyu nimekisugua kwa mchanga mpaka kinang'aa, hakina hata kapi moja.

Leonidas nimeshamwonya, maana mbegu nyingine sina: akisikia chupa imejaa, asipande mpaka aniulize mimi.