Vita vya Neno Lililovuka Ukurasa

Sogeeni, enyi mlioketi na mlioegemea ukuta! Tueni vikombe, nyamazisheni simu, na mwenye kikohozi akohoe sasa amalize, maana haya nitakayoyanena hayapendi kukatizwa. Nawapa habari za Binti Mshona Magodoro, mla-kamusi, mvaa miwani minene, msomi wa fasihi ya Kiingereza na uandishi, na siku ile aliyopigana na neno moja mbele ya kadamnasi.

Jueni kwanza ya kwamba kuingia kwake katika fani hiyo hakukuwa lelemama. Baba yake, bingwa wa sindano ndefu, aliposikia mwanawe anakwenda chuoni kusomea Kiingereza, alitua godoro akanena: "Mwanangu, Kiingereza si unakijua? Mtu husomea asichokijua." Shangazi naye akadakia, "Na hizo hadithi atakazoandika, kwani zilizopo zimekwisha?" Binti alikaza kamba za begi akashika njia, kama washikavyo njia mashujaa walioishiwa na hoja.

Basi ikawadia siku ya kuamua nani ataendelea na uandishi na nani atahamishiwa takwimu. Mlinzi wa ngome hiyo alikuwa Mwalimu Rula, aliyepewa jina hilo kwa kuwa hupima pambizo za karatasi kwa rula ya chuma. Amri yake ilikuwa fupi: kila mtu alete hadithi yake, kwa Kiingereza, ukurasa mmoja, herufi za kawaida, kabla ya saa sita mchana. "Ukurasa wa pili," alitangaza, "ni wa watu wasiojua kuaga."

Asubuhi hiyo Binti akaliendea duka la Mama Chapa, malkia wa mashine ya kuchapia, mbele tu ya lango la chuo. Nyuma yake foleni ilijikunja kama joka lililochelewa kazini. Mashine ikakoroma, ikatikisika, ikatema karatasi. Kisha, lo! ikatema na ya pili. Na juu kabisa ya hiyo ya pili, katika jangwa jeupe lisilo na mwenyeji, limesimama neno moja peke yake, la mwisho la hadithi yote.

"Limevuka," alisema Mama Chapa. "Nikubanie pamoja na hii?"

"Usibane, mama yangu! Nitahamishiwa takwimu!"

"Basi tupunguze herufi."

"Anapima."

"Kwa rula?"

"Kwa rula."

Mama Chapa akaguna. Foleni nayo ikaguna, maana msiba wa aliye mbele ni msiba wa walio nyuma.

"Si ulifute hilo neno la mwisho?" aliuliza askari wa lango, aliyekuja kutoa nakala ya kitambulisho.

"Afande, neno lenyewe ni 'mlango'. Nikilifuta, mwanamke wa hadithi yangu atakuwa amefungua hewa."

Hapo akajitokeza kijana wa uhandisi, mbeba michoro, akainua mkono kama jemadari. "Enyi wana foleni, nipeni sikio! Daraja likielemewa, hupunguzwa mzigo. Dada, humo ndani kuna nani na nani?"

"Mwanamke na mbwa."

"Muue mbwa. Utaokoa mistari kumi."

Pakachafuka. "Mbwa kakosa nini?" alinguruma askari. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akapaza sauti kuliko wote: "Hata hatujamsikia huyo mbwa, mshamhukumu! Binti, simulia. Lakini fupi, nina uji jikoni."

Binti akapanda juu ya benchi. Kile alichokiandika kwa Kiingereza cha kuchongwa akakisimulia kwa lugha ya nyumbani. Mume alitoka jioni kwenda kununua balbu, asirudi. Mke akakaa gizani mwaka baada ya mwaka asinunue nyingine, kwa kuwa kununua ni kukiri kwamba harudi. Mbwa wa mume akalala kizingitini. Chakula aletewe hapo hapo, mvua impige hapo hapo. Hadi siku moja akainua kichwa, akatikisa mkia. Na mwanamke akafungua mlango.

Askari akajipangusa pua kwa kofia ya serikali.

"Mbwa mwaminifu huyo," alisema. "Mwaminifu kuliko bwana wake."

Binti akaganda juu ya benchi kama aliyepigwa radi. Maana neno hilo, "mwaminifu", lilikuwamo katika hadithi! Alilisaka katika kamusi nene, akalipambanisha na ndugu zake wote, akalivika mbwa wake kama taji. Na sasa hivi, akisimulia, alilisahau. Askari hakupewa na mtu. Alilitoa mwenyewe, kwenye mvua na kizingiti.

Akashuka, akaiendea mashine, machozi yakimlengalenga. "Ewe neno langu," alisema, "uliyenigharimu usingizi, nenda salama. Kazi yako imefanywa na mvua."

"Unaongea na nani?" aliuliza Mama Chapa.

"Na neno, mama."

"Haya, liage upesi. Watu wanangoja."

Kidole kikashuka. Neno likatoweka, mistari ikasogea, na "mlango" likaruka bonde lililo kati ya kurasa likatua chini ya ukurasa wa kwanza salama salimini. Mashine ikatema karatasi moja, kisha ikanyamaza. Lo, shangwe! "Na mbwa yuko hai!" alipiga kelele kijana wa uhandisi, kana kwamba ndiye aliyemwokoa.

Binti akakimbia, karatasi juu ya kichwa, askari akimfungulia lango kwa saluti. Akamkuta Mwalimu Rula anavaa koti. Mwalimu akapima juu, chini, kushoto, kulia. Akageuza nyuma: peupe.

"Ni mmoja," alikiri, kwa sauti ya mtu aliyenyang'anywa haki yake.

Akasoma amesimama. Uso haukutikisika. Alipofika chini akageuza tena karatasi, akatazama ule upande mtupu, akageuza tena.

"Na huko nje alikuwa nani?"

"Ukurasa umekwisha, Mwalimu."

Mwalimu Rula akavua koti, akaketi, akaanza kusoma upya kutoka juu.

Andikeni, enyi wenye kalamu: siku hiyo idara ya takwimu ilipungukiwa na mtu mmoja, na kwa hesabu zake zote, haijagundua hadi leo.