Mkono Mtupu wa Con

Kule mji wa Troy, wanasema, kuna mdakaji wa besiboli aliyevunjika vidole mpaka kila kimoja kikashika njia yake. Mgeni alimuuliza stesheni iko wapi, akanyoosha kidole, mgeni akaishia mtoni. Niliusikia uvumi huo kwa muuza mkate ukagoma kunitoka kichwani. Mwanangu Con ni mdakaji, hukaa nyuma ya mpigaji na kudaka mipira ya moto ya mrushaji. Wakati wa baridi hushona viatu. Vidole vikienda, na sindano imekwenda.

Wiki hiyohiyo Kamati Kuu ya Kombe la Mabingwa ikatangaza: kwa heshima ya mashindano haya ya kwanza ya kumpata bingwa wa nchi nzima, wadakaji wote watadaka kwa mkono mtupu. Glavu ni vazi la kike. Tangazo lilibandikwa na Mwenyekiti mwenyewe, Bwana Thaddeus Whitlock. Alikuwa amevaa glavu, maana kulikuwa na baridi.

"Wewe utavaa," nikamwambia Con.

"Mama! Uwanja mzima utaniita bibi harusi."

"Afadhali bibi harusi mwenye vidole."

Nikaichukua glavu ya marehemu baba yake, nikaijaza pamba, nikaichovya kwenye chai mpaka ikafanana na ngozi ya Con. Hata madoadoa yake ya mkononi nikayatia, kwa wino.

Siku ya fainali Con akadaka bila hata kukunja uso. Kamati ikashuka uwanjani kukagua. Mwenyekiti akaushika ule mkono.

"Umevimba," akasema.

"Kwa ushujaa," mjumbe akaongeza.

Ikapitishwa kwa kauli moja kuwa huo ni mkono mtupu wa mfano. Mwenyekiti akapandwa na mori, akavua koti na glavu zake.

"Fundi viatu akiweza, mimi nishindwe?"

Mrushaji, Dolan, akauliza, "Nikurushie polepole, mheshimiwa?"

"Rusha kama unavyomrushia yeye!"

"Haya. Usije ukalia."

Kidole cha mkono wa kulia wa Mwenyekiti kililia ko! kama kuni kavu. "Mwenyekiti, huo mpira si uji!" mtu akapiga kelele. Con, kwa huruma yake, akasahau, akavua mkono wake mbele ya watu wote ili amfunge kidole.

Kamati ikachunguza. Ikabaini kuwa ndani ya glavu mkono ulikuwa mtupu kabisa, hivyo kanuni haikuvunjwa. Ila hati ya ubingwa hutiwa sahihi na Mwenyekiti tu, kwa mkono wa kulia; kanuni hiyo aliitunga mwenyewe. Mpaka leo bingwa hajapatikana, na timu zote mbili zinajiita bingwa.

Juzi Mwenyekiti alinigongea mlango wa jikoni, kofia kwapani.

"Mama Con, nishonee na mimi mkono kama ule. Kimyakimya."

"Rangi gani, mheshimiwa?"

"Yangu. Bila madoadoa."

Kwa hiyo, kina mama, epukeni haya:

Usimwache mwanao adake kitu ambacho aliyeamuru hajawahi kukidaka.

Usitie rangi kwa kahawa. Chai.

Usimuulize njia mdakaji wa Troy.

Usimpe Mwenyekiti mkono. Atalia.