Dakika Tano Kabla

Siku Bwana Mubashara alipoliona dishi la setilaiti la kukunja likiuzwa kama chuma chakavu, alilipapasa kama bwana harusi. Lilikuwa na masanduku yake mawili, nyaya zake, na nembo ya kituo cha televisheni iliyobanduka nusu. Kurusha picha hajui hata chembe, lakini hilo halikumsumbua. Wateja nao walikuwa hawajui.

Shida ilikuwa nyumbani. Mkewe alikuwa amefungasha, karudi kwa mama yake. "Siku nikikuona kazini kwa macho yangu ndipo nitarudi," alisema, na mama mkwe akadakia kutoka jikoni, "Kwa macho yetu!"

Basi mjanja wetu akamnasa muuza saruji, mgombea wa uenyekiti wa wafanyabiashara, mtu aliyeutaka uenyekiti huo hadi kuuota.

"Hotuba yako, mzee, mji mzima utaiona moja kwa moja."

"Na mpinzani wangu?"

"Akifungua mdomo tu, mitambo inapata hitilafu."

"Ewaa! Wewe ndiye mtaalamu!" Bahasha ikatoka papo hapo.

Hila yenyewe ni aibu hata kuisimulia. Dishi linawekwa uani, waya unapenyezwa kutoka kwenye kamera hadi televisheni ya ofisini kwa mteja, naye anajiona humo na roho inasuuzika. Alihitajika tu fundi wa kusema kwa uso mkavu, "Tupo hewani." Bwana Mubashara akamkodi mama mmoja aliyeachishwa kazi kituoni.

Mama yule alipoliona dishi, alilitambua. Alikuwa amehangaika nalo miaka kumi na miwili, na sasa limeelekezwa kwenye tangi la maji! Moyo ukamuuma. Mwajiri wake alipokuwa akijipaka poda, yeye akaligeuza taratibu, akakaza skrubu mbili, akawapigia simu wenzake wa zamani. Kituoni walikuwa na habari za uchaguzi huo bila picha hata moja. Wakakubali kuipokea picha yake kwa mikono miwili.

Tena kazi hiyo ina desturi yake: mitambo hufunguliwa dakika tano kabla ya hotuba, ili picha na sauti zipimwe; na siku hiyo kituo, kwa njaa ya picha, kikairusha papo hapo. Bwana Mubashara alidhani kurusha huanza pale yeye atakapohesabu tatu, mbili, moja.

"Tupo hewani," alisema fundi.

"Safi sana! Hivyo hivyo, usicheke." Akajipanga mbele ya kamera, kipaza sauti kimebanwa kolani, akampigia mkewe. "Mke wangu, fungasha! Nimepata bwege mmoja wa saruji, eti ataonekana mji mzima! Na ameniomba nimkatie mpinzani wake matangazo. Dishi lenyewe linatazama tangi la maji!"

"Baba watoto."

"Naam, mpenzi."

"Tunakuona."

"Mnaniona wapi?"

"Kwenye televisheni. Na mama anasema hiyo tai ni ya marehemu baba. Ulisema hujaiona."

Mlango wa ofisi ukafunguka kwa kishindo. Muuza saruji alisimama hapo, koleo mkononi.

"Mama, umenimaliza!" Bwana Mubashara alimlilia fundi. "Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia, kaka. Mimi sijawahi kusema tupo hewani na hatupo."

Alipotimua mbio, simu ilimponyoka, na fundi akaigeuza kamera polepole, imfuate vizuri hadi ukutani. Simu ilibaki chini, bado iko wazi, na mama mkwe akasikika akicheka hadi kukohoa.

"Haya mwanangu, kazini tumemwona. Unarudi, au nikutandikie?"